Kumchora Liyongo: mhusika wa katuni ya fantasia hupatikanaje

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha vijana kuchora katuni, na karibu kila anayeanza huja na shujaa wake mkononi. Amemchora wiki nzima. Shujaa amesimama wima, deraya ina nakshi kila mahali, shingoni ana mkufu wa meno ya chui, joho linapepea, upanga umechorwa maandishi kwenye ubapa. Ni kazi nzuri na humsifu kwa dhati. Kisha namwomba amchore shujaa huyohuyo amekaa chini anakula wali. Halafu anakimbia, tumwone kwa mgongoni. Halafu yuko mbali, mdogo kama ukucha, katikati ya watu kumi.

Hapo ndipo mkono unapokwama. Meno ya chui yalikuwa 14, sasa yamekuwa 9. Nakshi za deraya hazijulikani zinazungukaje hadi mgongoni, kwa sababu mgongo wenyewe haukuwahi kufikiriwa. Na akishakuwa mdogo kama ukucha, shujaa hana tofauti na wale tisa wanaomzunguka.

Tatizo halimo katika ufundi wa kijana huyo. Amechora bango, na katuni inataka kitu kingine. Piga hesabu: kitabu cha kurasa 48, kila ukurasa fremu 5, ni fremu 240. Mhusika mkuu anaweza kuonekana katika 150 kati ya hizo. Utamchora amelala, amekasirika, amejificha nyuma ya mtungi, ameinama kufunga kiatu. Kwa hiyo kubuni mhusika wa katuni ni kuamua mapema mambo machache ambayo mkono wako utaweza kuyarudia mara 150 na jicho la msomaji litaweza kuyatambua mara 150. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye hitaji hilo.

Nitaeleza kwa mfano mmoja ambao nimeufanyia kazi kwa muda mrefu: Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya kale ya Waswahili. Kisa chake mwambao wote unakijua, na nimeegemea utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kijumwa mwenyewe alikuwa mwandishi wa hati nzuri na fundi wa kuchonga mbao, mtu wa mkono na macho, na nadhani ndiyo maana utenzi wake umejaa mambo ya kuonekana. Ukiusoma huku umeshika penseli, fremu zinajipanga zenyewe.

Tena ni fantasia kamili. Wengi hudhani fantasia lazima iwe na majoka yanayotema moto na minara ya mawe kwenye theluji. Inachohitaji ni jambo moja lisilowezekana ambalo hadithi imelikubali, na mengine yote yakalifuata kwa uaminifu. Kwa Liyongo jambo hilo ni mwili usioingia silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Nilianzia mwishoni

Wachoraji wengi huanza na uso. Mimi nilianza na kifo chake, kwa sababu pale ndipo utenzi unapotoa somo la kubuni wahusika ambalo sijaliona limeelezwa vizuri zaidi mahali popote.

Mfalme wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, amemshawishi mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya uwaziri na ndoa ya binti yake. Mtoto anamchoma baba sindano kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika upinde, anatoka hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anapachika mshale na kuuvuta. Roho inamtoka akiwa vilevile. Watu wanakuja kuteka maji, wanamwona, wanarudi mbio. Siku zinapita, mji una kiu, na hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwomba mama yake, Mbwasho, aende akambembeleze. Mwishowe mwili unaanguka wenyewe, na ndipo wanapogundua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Angalia kilichowatisha. Hakuna aliyeuona uso wake kwa karibu. Hakuna aliyehesabu nakshi za nguo yake. Walichokiona kwa mbali ni goti moja chini, mabega, kiwiko kilichovutwa nyuma, na tao la upinde. Hayo yaliwatosha kumjua ni nani na kujua anachoweza kufanya. Mji mzima ulikosa maji kwa sababu ya umbo.

Sisi wachoraji tunaliita umbo jeusi. Unamchukua mhusika, unamjaza wino wote bila macho wala mdomo wala mishono ya nguo, kisha unauliza: bado anajulikana? Msomaji wa gazeti nchini Tanzania akiona panya mdogo pembeni ya fremu anajua ni Kipanya wa Masoud kabla hajasoma neno. Nchini Kenya vizazi vya wasomaji wa Taifa Leo vimemjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa namna hiyohiyo. Jicho hutambua umbo kwanza, na uso baadaye.

Kazi ya kulitafuta umbo hilo ni ya kuchosha na ni tamu. Nilikata karatasi vipande, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko stempu, nikachora Liyongo waliopiga goti 30, kwa kalamu ya brashi moja kwa moja, bila penseli, ili nisishawishike kuingiza mapambo. Ukubwa huo mdogo una faida yake: hauna nafasi ya kucha wala kope, kwa hiyo unakulazimisha kufikiria mabega na miguu. Wachache kati ya wale 30 nikawakuza, nikawakata kwa mkasi kwenye karatasi nyeusi na kuwabandika dirishani, mwanga ukiwa nyuma yao.

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ametutembelea siku hizo. Alisimama mbele ya dirisha kwa muda, akamgusa wa tatu.

“Mjomba, huyu anasubiri mtu.”

“Na hawa wengine?”

“Hawa wanacheza.”

Nilikwenda kuangalia tofauti. Katika lile la tatu kiwiko cha mkono unaovuta upinde kilikuwa juu ya usawa wa sikio, na kidevu kimeshushwa kikakaribia bega. Kwenye mengine kiwiko kilikuwa chini na kichwa kimeinuliwa, ule mkao wa mtu anayejua anatazamwa. Tofauti yake ni sentimita moja ya karatasi. Kuanzia siku hiyo Liyongo wangu hushusha kidevu kila anapokuwa makini, hata anapokula, na msomaji atakapofika kisimani atakuwa ameshauzoea mkao huo kwa kurasa nyingi.

Umbo jeusi pia lilinisaidia kukataa vitu. Nilikuwa nimempa joho refu, kwa sababu ni mtu wa ukoo wa kifalme. Akisimama lilipendeza. Akipiga goti liligeuka kichuguu, miguu ikapotea ndani yake na upinde ukawa kama tawi lililoota juu ya kichuguu. Joho likaondoka. Alibaki na kikoi kilichofungwa chini kidogo ya kiuno, na hiyo ikafungua mlango mwingine nitakaoueleza mbele.

Wazo la kwanza huwa halijakomaa, na kulibadilisha si usaliti. Stan Sakai, mchoraji aliyekulia Hawaii, alitaka kusimulia habari za samurai wa kubuni kwa kuegemea maisha ya Miyamoto Musashi, mpiga upanga maarufu wa Japani. Samurai wake alikuwa binadamu. Siku moja, akichora tu, akamchora sungura na kumfunga masikio juu ya kichwa kama samurai anavyofunga nywele. Binadamu akawekwa kando, na Usagi Yojimbo akatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Masikio yale mawili yaliyofungwa fundo yanasema samurai na yanasema sungura kwa mstari mmoja, na hakuna mhusika mwingine unayeweza kumchanganya naye.

Jitu huchorwaje

Liyongo ni mrefu na mpana kuliko watu wote. Hapa wengi hufanya kosa ambalo nililifanya mwenyewe: kumchora mtu wa kawaida kisha kumkuza. Akiwa peke yake kwenye fremu, mtu wa kawaida aliyekuzwa ni mtu wa kawaida tu aliye karibu nasi. Ujitu wake unaonekana pale tu wengine wanapokuwepo.

Dawa iko kwenye uwiano wa kichwa na mwili. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa takribani vichwa vyake saba na nusu, yaani ukichukua kimo cha kichwa chake kuanzia kidevuni hadi utosini ukakipanga, unapata saba na nusu hadi nyayoni. Watoto wana vichwa vichache zaidi, ndiyo maana mhusika wa vichwa vitatu au vinne anaonekana kitoto hata ukimpa ndevu. Ukienda kinyume, kichwa kikawa kidogo kulinganisha na mwili, jicho linasoma ukubwa hata kama hakuna mtu pembeni.

Liyongo wangu ana vichwa tisa, na kichwa chake chenyewe ni kikubwa kidogo tu kuliko vya wengine. Kwa hesabu hiyo, penye mwanamume wa sentimita 165, yeye anafika karibu mita 2 na robo, na vichwa vya watu vinamfika chini kidogo ya kifua. Nimeiandika namba hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza. Jitu likibadilika kimo kila ukurasa msomaji hatasema lolote, lakini ataacha kuliamini.

Kisha kuna mstari wa macho. Katika fremu nyingi nimeuweka mstari wa upeo kwenye usawa wa macho ya watu wa kawaida, kwa hiyo Liyongo tunamtazama kwa chini, tunaona sehemu ya chini ya kidevu chake. Nimeuvunja utaratibu huo mahali pachache tu, pale anapokuwa na mama yake. Pale tunakuwa usawa wa macho yake, naye anakuwa mtoto wa mtu.

Milango pia ilinipa kitu ambacho sikukitafuta. Nyumba za mawe za Pate na Lamu zina milango ambayo mtu wa mita 2 na robo hawezi kuipita bila kuinama. Kwa hiyo ndani ya nyumba Liyongo ana kawaida ya kuinamisha shingo kidogo, na anapotoka nje hunyoosha mgongo, na fremu nayo inapanuka. Tabia ya mwili ikipatikana namna hiyo, kutoka kwenye mazingira yenyewe, inasadikika kuliko tabia uliyombandika mhusika kwa kupenda.

Vitu anavyobeba, na kitovu

Kwenye fantasia silaha na vifaa hupewa uzito mkubwa, na ni sawa, mradi kila kimoja kina kazi katika kisa. Utenzi unampa Liyongo vitu vitatu visivyosahaulika. Kuna panda, ile baragumu anayoipuliza mji ukataharuki. Kuna mkoba ambamo anatoa kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, jiko zima, ilhali amesafiri peke yake. Na kuna upinde. Maadui wanapoandaa kikoa cha makoma, yaani kula pamoja matunda ya mti wa mkoma, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu ili zamu yake ikifika wamfume akiwa juu mtini, yeye hapandi. Anaangusha makoma kwa mishale.

Mkoba ulinisumbua kuliko vyote. Ukiuchora mkubwa wa kutosha kubeba kinu, unakuwa nundu na kuharibu umbo. Ukiuchora mdogo, kinu kinatoka kama mazingaombwe, na hapo umeongeza jambo la pili lisilowezekana bila ruhusa ya hadithi. Uamuzi wangu ni kwamba mwili wake ndio jambo lisilowezekana, mkoba ni mkoba. Kwa hiyo ni mkubwa kweli, umesukwa kwa ukindu, kamba zake zimemkata begani zikaacha alama, na alama hiyo nimeiweka hata anapokuwa hana mkoba. Kila anapofika mahali huutua kwanza. Unapotua, ardhi inatikisika kidogo na kuku wanaruka. Anapopiga goti kisimani, mkoba haupo, na mwili wake unaonekana mwepesi kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima.

Sasa kitovu. Udhaifu wa shujaa ni kitu cha kuamua mapema sana kwenye ubunifu, kwa sababu una njia mbili za kuuonyesha na zinapingana. Unaweza kuuficha, ukamfunga mshipi mpana tumboni, msomaji akajiuliza mshipi huo hauvuliwi kwa nini. Au unaweza kuuacha wazi tangu ukurasa wa kwanza hadi msomaji asiuone tena. Nilijaribu mshipi kwa kurasa tatu. Ulikuwa unapiga kelele, kila fremu ilikuwa inasema tazama hapa. Nikauondoa. Kikoi kimefungwa chini, kitovu kipo wazi wakati wote, kimechorwa kwa mstari mmoja mfupi uliopinda, ule ambao mchoraji yeyote angeuweka bila kufikiri. Siku mtoto anapouliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, msomaji atakumbuka kwamba amekuwa akikiona muda wote.

Wengine wasimamie nini

Mhusika mmoja habuniwi peke yake. Wapange wote kwenye mstari mmoja, wamejazwa wino, uone kama kuna wawili wanaofanana. Kama huwezi kutegemea rangi, jaribio hili ni gumu zaidi. Kevin Eastman na Peter Laird walipochapisha kasa wao wanne wapiganaji mwaka 1984, kurasa za ndani zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwenye majalada vitambaa vya macho vilikuwa vyekundu kwa wote wanne. Kilichowatofautisha ni silaha zao. Zile rangi nne wanazozijua watoto zilikuja na katuni ya televisheni ya mwaka 1987. Kwa mchoraji anayechapisha kwa wino mmoja, habari hiyo ni ya kumtia moyo.

Mfalme wa Pate nilimwona mwanzoni kama jitu jingine, mnene, mwenye sura ya ukatili. Alikuwa anachosha. Nilipomtazama upya kupitia Liyongo nikapata kinyume chake: nguvu za Liyongo zimo mwilini, nguvu za mfalme zimo katika vitu na watu vinavyomzunguka. Nikamfanya mtu mdogo, mwenye mikono myembamba na sura ya upole, aliyezungushiwa vitu vikubwa. Hariri, ambayo Pate ilisifika kwayo. Mwavuli. Kilemba kipana kuliko mabega. Na siwa, ile baragumu kuu ya enzi. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu imehifadhiwa Lamu hadi leo pamoja na siwa ya shaba ya Lamu, na ukiziona utaelewa kwa nini mtu hawezi kuzipuuza: ni kubwa mno, na tundu la kupulizia liko ubavuni. Hapo nikapata baragumu mbili katika kisa kimoja. Liyongo anapuliza panda yake mwenyewe. Mfalme anapuliziwa siwa na mtu mwingine. Sihitaji kuandika neno hata moja kueleza tofauti yao.

Saada, kijakazi anayetumwa na mama kumpelekea Liyongo chakula gerezani alikofungwa na mfalme, ndiye niliyemfikiria kwa muda mrefu kuliko wote baada ya Liyongo. Walinzi humnyang'anya mikate mizuri wakala wao. Ndipo unapotengenezwa mkate wa wishwa, yaani pumba, wenye tupa ya kukatia minyororo ndani, mkate ambao mlinzi ataudharau na kuuacha upite. Maana yake ni kwamba Saada lazima awe mtu ambaye walinzi hawamtazami, wakati msomaji hamwondolei macho. Nilimpa mwendo. Fremu zote alizomo anatembea, na ungo kichwani unamkata umbo kwa mstari mmoja wa kulala, ulionyooka, usiotetereka hata mkono wa mlinzi unapopita juu yake kuchukua mkate. Wenye mamlaka wote kwenye kitabu hiki wana mistari ya wima. Wa kwake umelala, na ndio uliobeba tupa.

Mtoto wa Liyongo nilimpa mabega ya baba yake yasiyojaa bado. Mama yake alitoka kwa wale ambao utenzi unawaita Wagala (Waoromo wa leo), nami nimempa nywele za upande huo. Kwa umbo jeusi ni Liyongo aliyeachwa nusu. Nilitaka msomaji ampende.

Utafiti wa nguo

Fantasia inakupa uhuru, lakini uhuru huo hautumiki vizuri na mtu asiyejua anachokiacha. Mfano wa karibu ni kanga. Nimeona michoro mingi ya mwambao wa kale ambamo kina mama wamevaa kanga zenye maandishi. Kanga zilianza kuvaliwa mwambao mwishoni mwa karne ya 19, na mapokeo yanamweka Liyongo mbali sana kabla ya hapo. Unaweza kuamua kwamba katika dunia yako kanga zipo. Huo ni uamuzi, na utakuletea maswali mengine: nani anazichapa, maandishi yanasema nini, mfalme anayaruhusu? Ukiziweka kwa mazoea tu, umepoteza dunia na hukupata kitu.

Kinyume chake, vitu vya kweli vya pwani ni vya ajabu kuliko tunavyobuni. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, ukaendeshwa kwa tanga la mraba la mikeka, shingo ya mbele imechomoza kama ya mnyama na macho yamechorwa ubavuni. Ukimchorea msomaji wa leo mtepe sawasawa kama ulivyokuwa, atadhani umeubuni.

Ngozi na wino

Kuna jambo ambalo vitabu vya kujifunzia kuchora havikutufundisha. Vingi vilivyotufikia vilitoka Marekani, Ulaya na Japani, na ndani yake ngozi ya mtu ni karatasi tupu. Mchoraji wetu hujifunza hivyo, kisha anawachora watu wa Pate kwa mistari mitupu, na wanatoka kama watu ambao rangi haijafika.

Kupaka kivuli cha kijivu kwa kila mtu hakusaidii. Wote wanakuwa kijivu kimoja, na nyuso zinazama. Kinachofanya kazi kwangu ni kuuliza mwanga unagonga wapi. Ngozi nyeusi inang'aa: paji la uso, daraja la pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini, bega. Nayaacha hayo meupe, na weusi naujaza kwa mapande makubwa yenye kingo kali, bila mistari mingi ya kukwaruza. Nguo nyeupe na kuta zenye chokaa zinafanya kazi iliyobaki, kwa sababu weusi unahitaji mahali pa kuegemea. Liyongo akisimama mbele ya ukuta mweupe saa saba za mchana ni umbo jeusi tupu, lenye mng'ao mara tano au sita. Usiku wa gungu, ile ngoma ya pwani, wakati ngoma na matuazi vinaizima sauti ya tupa inayokereza minyororo, mienge inageuza kila kitu: ukuta unakuwa mweusi na mwili wake ndio unaong'aa.

Watu wa mji hawafanani rangi, wala hawakuwahi kufanana. Amua mapema nani anajazwa wino kiasi gani, uandike, usije ukambadilisha mtu ngozi katikati ya kitabu.

Karatasi ya mhusika

Yote hayo yakishaamuliwa hukusanywa kwenye karatasi moja kwa kila mhusika: mbele, ubavuni, robo tatu, mgongoni. Mgongo usisahaulike, katuni imejaa watu wanaoondoka. Weka nyuso sita au saba, mikono, vitu vyake kimoja kimoja, na mstari wa vimo unaowaonyesha wote pamoja. Ukichora na mwenzako ndiyo mkataba wenu. Ukichora peke yako, ni kumbukumbu yako ya miezi sita ijayo.

Lakini usikae kwenye karatasi hiyo milele. Nimeona watu wenye daftari tatu za wahusika na hawana ukurasa hata mmoja. Chora ukurasa mzima wa hadithi kabla hujaridhika, uupige picha kwa simu, uutazame simu ikiwa kwenye urefu wa mkono, maana wasomaji wengi sasa wataukuta hapo. Kitu kisichosomeka kwenye kioo hicho hakisomeki. Mimi nilipofanya hivyo alama ya kamba begani ilipotea kabisa, nikaipanua mara mbili.

Ukurasa wa kisimani nimeuchora mara nne. Katika mitatu ya kwanza kulikuwa na fremu kubwa ya uso wa Liyongo kwa karibu, macho wazi, na niliipenda. Nimeiondoa, kwa sababu watu wa mji hawakupewa kuuona. Sasa ukurasa wote ni fremu tatu ndefu za kulala. Ya kwanza ni kisima kisicho na mtu na mitungi iliyoachwa. Ya pili ni umbo lake, goti chini, kidevu begani, dogo kama ukucha, na mbele yake uwanja mtupu. Ya tatu ni ileile, hakuna mstari uliobadilika upande wake, ila kulia ameingia Mbwasho. Tunamwona kwa mgongo. Ushungi umeshuka mabegani, amesimama hatua kama kumi kutoka kwa mwanawe, na mkono mmoja umeshaanza kunyanyuka.